Petroli si bei ya kiti

Ndugu wenye magari, madereva, wasoma ramani, na nyinyi mafundi ambao bei zikipangwa huwa hamuitwi ingawa ndio mnaozijua kuliko wote: karibuni. Wenzetu mliopanda kutoka Moshi, poleni na safari.

Tunaianza jioni hii na maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasikia hapa Arusha: "Njoo uchukue kiti, tutachangia mafuta na chakula." Kiti ni zamu ya kuendesha gari la mwenzako kwenye mashindano. Gari moja, madereva watatu, mashindano ya muda wa saa sita kwenye mzunguko wa vumbi. Jioni risiti za petroli zinajumlishwa, zinagawanywa kwa tatu, watu wanapeana mikono. Aliyekodi kiti anaona amelipa haki yake, na mwenye gari anaona amesaidiwa. Miezi minne baadaye gari liko juu ya matofali uani, injini imeshushwa, na mwenyewe anashangaa fedha zilienda wapi.

Zilienda kwenye vitu visivyotoa risiti siku hiyo. Pedi za breki zilizopungua milimita tatu hazitoi risiti, wala matairi yaliyobakiza nusu ya meno. Injini iliyozunguka kwa nguvu zake zote saa sita, ikanywa vumbi la Kisongo, haimdai mtu siku ile. Itamdai mwenye gari peke yake, baadaye, kwa mkupuo. Kwa hiyo bei ya kiti haitoki kwenye petroli, na wala haitoki kwenye bei mliyonunulia gari. Inatoka kwenye kile ambacho saa moja ya mashindano inakula ndani ya gari.

Hilo la bei ya gari tulimalize mapema, maana ndipo ubishi mwingi unapoanzia. Kule Marekani kuna mashindano yanayoitwa 24 Hours of Lemons, yaliyoanza 2006, ambayo kanuni yake inataka gari lisizidi thamani ya dola 500, vifaa vya usalama visihesabiwe. Ni magari ya kuokota kabisa. Lakini viti vyake hukodishwa kwa mamia ya dola, na si ajabu kiti kimoja cha mwisho wa wiki kikazidi bei rasmi ya gari zima. Hakuna wizi hapo. Gari la bei chee linakula matairi, mafuta na pedi kama gari la bei mbaya, na mkanda wa usalama hauuzwi kwa punguzo kwa sababu umefungwa kwenye gari bovu.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Chukueni kalamu. Namba tutakazotaja ni za mfano, tumezichagua ili mfuatilie kwa urahisi. Kila mmoja ataweka za kwake. Gari letu la mfano ni Subaru Impreza yenye injini ya lita mbili isiyo na tabo, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi. Mashindano ni saa sita, na saa moja ya mazoezi siku iliyotangulia. Jumla saa saba. Msisahau hiyo ya mazoezi, gari halijui kama ni mazoezi.

Gawanyeni gharama katika mafungu matatu: zinazokwenda kwa saa, zinazokwenda kwa tukio, na zinazokwenda kwa mwaka. Mkichanganya mafungu haya, mtamdhulumu mtu, ama mteja ama nyinyi wenyewe.

Fungu la saa ndilo zito. Petroli: gari likikanyagwa bila huruma huchukua kama lita 25 kwa saa, kwa shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni 75,000. Matairi: seti ya manne ya changarawe kwa 350,000 kila moja ni 1,400,000, na tuseme inakaa saa 10, basi 140,000 kwa saa. Breki: pedi za mbele za 180,000 zikikaa saa 12 ni 15,000, za nyuma za 120,000 zikikaa saa 24 ni 5,000, diski mbili za mbele za 300,000 zikikaa saa 30 ni 10,000. Jumla ya breki 30,000. Injini iliyotumika, pamoja na kuisafirisha kutoka Dar es Salaam, gasketi, mkanda wa taimingi na kazi ya fundi, tuiweke 3,600,000; ikikaa saa 60 ni 60,000 kwa saa. Giaboksi ya 1,500,000 kwa saa 50, ni 30,000. Klachi ya 500,000 kwa saa 25, ni 20,000. Shokapu, beringi za magurudumu, bushi, boli jointi na shafti, tuvipe 2,000,000 kwa saa 50, ni 40,000.

Jumlisheni: 395,000 kwa saa. Kwa saa saba ni 2,765,000.

Hapo tayari kuna watu wanatikisa kichwa. Subirini, hatujafika kwenye lori.

Fungu la tukio ni vitu mnavyolipia gari likikimbia saa sita au likikimbia dakika kumi. Oili na filta yake 170,000. Mafuta ya breki ya DOT 4, lita moja mpya, 40,000, na hili si la kubania: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, yakichemka pedali inazama mpaka chini, na dereva aliyekodi kiti hajui gari lenu lilikuwaje jana. Filta za hewa mbili, 50,000. Ada ya kushiriki 600,000. Lori la kubebea gari, kwenda na kurudi, 400,000. Mafundi watatu kwa siku mbili, 50,000 kila mmoja kwa siku, 300,000. Chakula na maji 140,000. Jumla 1,700,000.

Fungu la mwaka ndilo linalosahaulika. Mikanda ya usalama yenye alama ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, hukaa miaka mitano. Ile ya SFI, taasisi ya Marekani ya viwango vya vifaa vya mashindano, hudumu miaka miwili tu tangu ilipotengenezwa, kwa hiyo anayenunua mikanda ya SFI iliyolala dukani mwaka mzima amenunua nusu ya mkanda. Mikanda ya 900,000 kwa miaka mitano ni 180,000 kwa mwaka. Kiti cha kawaida cha FIA nacho ni miaka mitano: 1,500,000 inakuwa 300,000 kwa mwaka. Kukagua mtungi wa kuzimia moto kila miaka miwili kwa 120,000, ni 60,000 kwa mwaka. Nafasi ya kulaza gari, 100,000 kwa mwezi, ni 1,200,000. Na gari lenyewe: liliwagharimu 24,000,000 mpaka likasimama tayari na kizimba chake cha mabomba cha kumkinga dereva, na baada ya miaka minne mtaliuza labda 16,000,000. Limeshuka 2,000,000 kila mwaka. Fungu zima ni 3,740,000.

Mgawanye kwa mashindano mangapi? Hapa wengi hujidanganya. Gawanyeni kwa idadi mliyoshiriki mwaka jana, msigawanye kwa idadi mnayoitamani Januari. Kama ni manne, kila tukio linabeba 935,000. Kama ni manane kweli, 467,500. Gari linalolala sana lina kiti ghali, na mteja ana haki ya kuliuliza hilo.

Kwa mashindano manne, basi: 2,765,000 na 1,700,000 na 935,000. Jumla 5,400,000. Madereva watatu, kila mmoja saa mbili: 1,800,000 kwa kiti. Petroli yote ya siku zile mbili ilikuwa 525,000, yaani haifiki hata sehemu moja ya kumi ya gharama. Yule aliyechangia mafuta alilipa 175,000.

Hiyo 1,800,000 haina faida ndani yake. Anayetaka faida aiongeze waziwazi, asiifiche kwenye bei ya pedi. Asilimia 15 ni 270,000; kiti kinakuwa 2,070,000. Maoni yetu ni kwamba mwenye gari ambaye naye anaendesha siku hiyo hiyo, akiwa mmoja wa wale watatu, hana sababu ya kuweka faida kubwa, ila hana sababu pia ya kujisamehe sehemu yake. Anailipa theluthi yake kama wenzake, anaiweka kwenye mfuko wa gari. Kujikopesha kwenye mfuko wa gari ndiko kunakopandisha magari juu ya matofali.

Mtauliza, saa 60 za injini tumezitoa wapi? Hamtazipata kwetu wala kwenye kitabu cha kiwanda. Mtazipata kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari la mashindano ni mali inayopotea kwa milimita. Kabla ya tukio, pimeni unene wa kila pedi kwa venia, kile kipimo cha milimita chenye taya, kina cha meno ya kila tairi mahali patatu, kimo cha oili, na msomo wa mita ya saa kama mmefunga moja. Baada ya tukio pimeni tena. Pedi mpya ina milimita 10 na mnaibadilisha ikifika 3, kwa hiyo mna milimita 7 za kula. Saa sita zimekula 3.5? Basi pedi hizo ni za saa 12, kwa uwanja huo na madereva hao. Matukio matatu yakiandikwa hivi, mtakuwa na namba ambayo hakuna wa kuipinga. Injini inahitaji subira zaidi: pimeni mgandamizo wa silinda zote nne kila baada ya saa 15, mwandike. Silinda moja ikianza kuachana na wenzake, mmeshaujua mwisho wake.

Na msichukue daftari la mwenzenu mkaligeuza lenu. Sehemu zetu hizi zina tabia zake. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Dereva anayeona gari limelegea huikamua injini mpaka mwisho wa kila gia na kuicheza klachi kwenye kila kona. Gari lile lile likishushwa Arusha Chini, kwenye mashamba ya miwa, linapata pumzi zaidi, lakini joto lile rejeta lenu halikulizoea. Vumbi letu la udongo wa volkano ni laini kama unga wa sembe. Halipiti kwenye filta tu, linapita kwenye kiungo cha bomba la hewa kisichokazwa, na likishaingia linasaga ringi za pistoni kama msasa. Filta mbili kwa tukio si anasa. Masika yakiingia mambo yanageuka: matairi yanakaa muda mrefu, ila tope jeusi la mbugani linaimaliza klachi mchana mmoja.

Mtu akisema 1,800,000 ni nyingi, na watasema, msipunguze bei kwa kujifanya mmesahau mstari. Punguzeni gharama yenyewe. Dereva wa nne akiingia, kila mmoja anaendesha saa moja na nusu na kiti kinashuka hadi 1,350,000. Limita, kile kifaa kinachoizuia injini isizunguke kupita kiasi, ikishushwa kwa mizunguko mia chache kwa dakika, injini inarefusha maisha na muda wa kuuzunguka uwanja hauumii sana. Lakini jihadharini na matairi ya bei nafuu. Seti ya 200,000 kwa tairi ni 800,000. Ikikaa saa 7 tu, saa moja inagharimu kama 114,000, badala ya 140,000. Mmenunua tairi lililopungua bei kwa zaidi ya asilimia 40, mkaokoa chini ya asilimia 20, na katikati ya mashindano mnapiga jeki ambayo hamkuipanga.

Tuje kwenye jambo linalovunja urafiki: kuvunjika kwa gari. Tenganisheni uchakavu, ajali na uzembe, maana kila kimoja kina mlipaji wake.

Uchakavu umeshalipiwa kwenye 395,000 kwa saa. Beringi ikinguruma ikafa mikononi mwa dereva wa pili, hadaiwi. Hata injini ikifia kwake kwa uzee, hadaiwi. Ameshailipia kwa saa alizokaa, kama walivyoilipia waliomtangulia. Mwenye gari anayemdai mteja injini nzima baada ya kumtoza uchakavu wake anauza kitu kimoja mara mbili.

Ajali ni ya aliye kwenye kiti. Hata akigongwa na mwingine? Ndiyo, hata akigongwa. Inaonekana ngumu, lakini njia nyingine ni mwenye gari kuanza kufanya kazi ya hakimu saa kumi na mbili jioni huku watu wanapakia spea. Ili isimmalize mtu, wekeni kikomo. Kwa gari la mfano wetu, dhamana ya 3,000,000 anayoiweka dereva kabla inatosha bampa, rejeta, mkono wa gurudumu la mbele na siku mbili za fundi wa bodi. Gari likipinda kizimba, likawa halifai, kuna thamani iliyoandikwa kabla, na sehemu ya dereva imeandikwa kabla. Msitegemee bima ya kawaida ya gari. Bima hizo kwa kawaida hutenga mashindano, na mkilisoma lile karatasi mtalikuta neno hilo kwenye maandishi madogo.

Mgeni asiye na uzoefu asitozwe bei kubwa zaidi ya kiti. Saa yake inakula gari sawasawa na ya mzoefu, pengine chini, kwa sababu anaendesha kwa woga. Hatari yake ndiyo kubwa, kwa hiyo kinachopanda ni dhamana yake, na dhamana hurudi.

Uzembe ndio wenye ubishi, kwa sababu unahitaji ushahidi. Makosa mawili huua injini nyingi. La kwanza ni kushusha gia vibaya: dereva anatoka ya tano akitafuta ya nne, mkono unaangukia ya pili, magurudumu yanaisukuma injini mpaka mizunguko ambayo vali hazikuumbiwa. Limita haisaidii hapo, kwa sababu limita inazuia petroli na moto, haizuii magurudumu. Fungeni mita inayohifadhi mizunguko ya juu kabisa, isomwe kila dereva anaposhuka, iandikwe mbele yake. La pili ni kuendelea na gari lenye joto au taa ya oili imewaka, kwa kuwa zimebaki dakika tano tu. Injini hizi za Subaru hazisamehi joto. Gasketi ya kichwa inaondoka, na kichwa kinapinda. Wekeni taa nyekundu kubwa machoni pa dereva, si kitone kilichojificha nyuma ya usukani, na sheria iwe moja: ikiwaka, zima, kaa pembeni. Aliyezima hadaiwi kitu. Aliyeendelea anaingia kwenye dhamana yake.

Na gari likifa saa ya kwanza, wale wawili ambao hawajakaa kwenye kiti wanarudishiwa nini? Kwa mafungu yetu jibu liko wazi. Saa zao mbili mbili hazikuliwa, kwa hiyo kila mmoja anarudishiwa 790,000. Fungu la tukio na la mwaka, 878,000 na ushee kwa kila kiti, halirudi, wala sehemu yao ya saa ya mazoezi, maana lori limeshakwenda, ada imeshalipwa na mazoezi yameshakimbiwa. Mwenye gari haumii, kwa sababu matairi ambayo hayakukimbia bado anayo.

Kwa rally msiutumie mkokotoo huu kama ulivyo. Kule hesabuni kwa kilomita za ushindani, kwa sababu mawe hayajali saa. Seti ya matairi inaweza kwisha ndani ya kilomita mia. Ongezeni petroli ya barabara za kuunganisha hatua za mashindano na gari la kukagua njia. Msoma ramani anayekodi kiti cha kushoto ili ajifunze hamalizi tairi wala pedi: mtozeni sehemu ya fungu la tukio na la mwaka, basi. Mikanda yake ina tarehe zake, iwekeni kwenye daftari kando na ya dereva.

Malipo: nusu siku ya kushika nafasi, inayolipa ada ya kushiriki na kuagiza matairi; nusu pamoja na dhamana kabla gari halijapanda lori. Si siku ya mashindano. Kwa M-Pesa au benki, ujumbe ubaki. Dhamana irudi ndani ya siku saba, na kama kuna makato, mteja apewe orodha ya spea na bei ya duka. Andikeni pia kisichomo kwenye bei: kofia ngumu, ovaroli, glovu, na kizuizi cha shingo. Piga picha za pande zote nne za gari pamoja na chini ya bampa, mteja akiwa amesimama hapo.

Karatasi ya makabidhiano iko mezani mlangoni, kurasa mbili. Chukueni. Nafasi za unene wa pedi tumeziacha wazi, ziko nane, nne kabla na nne baada. Fundi ndiye atakayeandika, na dereva ataweka sahihi pembeni.